Vespa ya Unguja: chombo kilichobeba kanzu, samaki na familia nzima

Ukitaka mazungumzo yasiyoisha upesi kwenye baraza yoyote ya Ng'ambo, weka kando siasa na mpira. Uliza tu nani hapa aliwahi kuwa na Vespa. Mmoja ataanza na rangi yake. Mwingine atakutajia namba ya usajili tangu ile herufi Z ya mwanzo mpaka tarakimu ya mwisho, ilhali namba ya simu ya mwanawe haijui kwa kichwa. Wa tatu atasema yake aliiuza, na wenzake watamlaumu upya kwa biashara iliyopita miaka mingi, kana kwamba fedha bado anazo mkononi na mnunuzi bado yupo mlangoni.

Siku hizi barabara za Unguja zimejaa pikipiki za Kihindi na za Kichina, pamoja na skuta za plastiki zisizo na gia. Vespa zile za bati bado zinaonekana, nyingine zimepigwa rangi mpya zikang'ara, nyingine zimebakia kutu na moyo. Lakini zaidi zinaishi kwenye midomo ya waliozimiliki. Ukiwauliza sababu ya mapenzi hayo, jibu la kwanza ni lile lile: ilikuwa imara. Ni kweli, ila haitoshi. Majokofu ya zamani nayo yalikuwa imara, wala hakuna anayeyasimulia barazani. Vespa ilipendwa kwa sababu mbili: ililingana na namna watu wa hapa walivyovaa na walivyoishi, na ilimtaka mwenyewe aijue kwa undani kabla haijamtii.

Mbunifu asiyependa pikipiki

Asili yake ni mji wa Pontedera, Italia. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikiunda ndege, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, kiwanda chake kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka chombo cha bei nafuu kwa watu waliokuwa hawana gari wala barabara nzuri ya kulipitishia. Jaribio la kwanza halikumridhisha, akaikabidhi kazi kwa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta.

Huyu D'Ascanio hakuwa mpenzi wa pikipiki. Aliziona chafu na za taabu: mnyororo unaorusha grisi, enjini inayomchoma mtu mguu, tairi ambalo likitoboka njiani ni kazi kulibadilisha. Basi akaondoa kila alichokichukia. Enjini akaiweka ubavuni mwa gurudumu la nyuma na kuifunika, mnyororo ukawa hauna kazi tena. Badala ya fremu ya mabomba akatumia bodi ya bati linalojibeba lenyewe. Gia akazihamishia kwenye mpini wa kushoto, mguu ukapumzika. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu, upande mmoja, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa, ili kulifungua kuwe rahisi. Mbele akasimamisha ngao ya bati ya kumkinga mwendeshaji na tope, na katikati akaacha uwazi wa kupitisha miguu bila kuirusha juu. Hati ya ubunifu huo iliwasilishwa tarehe 23 Aprili 1946, na Vespa ya kwanza ilikuwa na enjini ya sentimita za ujazo 98.

Kizazi ambacho wengi wetu tunakikumbuka zaidi ni kile cha PX, kilichoanza kuuzwa mwaka 1977: gia nne, magurudumu ya inchi 10, tangi la lita nane hivi chini ya siti. India nayo ilikuwa na ukoo wake. Kiwanda cha Bajaj kilianza kwa kuunda Vespa kwa kibali cha Waitaliano, kisha mwaka 1972 kikaleta skuta yake, Chetak, iliyopewa jina la farasi wa Maharana Pratap. Wahindi waliigombania hata wakaandikisha majina na kungoja kwa miaka. Baadaye kiwanda cha LML cha Kanpur nacho kikaunda skuta za umbo la PX. Ndiyo maana mpaka leo spea zipo: mashine iliyoundwa kwa miaka mingi, na katika nchi zaidi ya moja, haifi kwa kukosa ringi za pistoni.

Kanzu, baibui na kapu la samaki

D'Ascanio alikuwa akimfikiria Mtaliano aliyevaa suti na mwanamke aliyevaa sketi. Hakujua kwamba alikuwa akimshonea pia mtu wa Unguja. Mtazame mzee anayekwenda kusali Ijumaa. Kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua imekaa sawa. Kwenye pikipiki ya kawaida angelazimika kuipandisha kanzu mpaka magotini, kuurusha mguu juu ya siti, kisha kuomba Mungu pindo lisinaswe na mnyororo wala lisiguse ekzosi. Kwenye Vespa anaingia kama anayekaa kitini. Anaweka miguu kwenye sakafu ya bati, anaikusanya kanzu mbele ya magoti, anakwenda zake. Anafika msikitini nguo ikiwa kama alivyoivaa.

Nyuma yake bibi alikaa upande, miguu yote miwili kushoto, baibui limekusanywa, mkono mmoja umeshika siti na mwingine umemzunguka mtoto wa mikono. Mtoto mkubwa alisimama mbele, baina ya magoti ya baba, vidole vimeng'ang'ania ngao ya bati, upepo wote wa Mungu ni wake. Leo hatungeshauri mtu kupakia hivyo, na kofia ya kinga haikuwamo kabisa katika picha ile. Lakini muulize yeyote aliyesimama pale mbele akiwa na miaka minne au mitano, atakuambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Sikukuu za Idi, Vespa zilioshwa tangu asubuhi, na jioni familia nzima ilipelekwa Mnazi Mmoja katika nguo mpya, watoto wakishushwa mmoja mmoja huku mama akiwanyoosha mikunjo.

Sakafu ile ile ya bati ilikuwa ndiyo gari la mizigo. Kapu la samaki kutoka Darajani lilikaa baina ya miguu. Gunia la mchele lilikaa hapo, mtungi wa gesi ulikaa hapo, mbuzi wa Idi pia aliwahi kukaa hapo, akiangalia njia kwa mashaka. Juu ya ngao kulikuwa na ndoano ndogo ya kutundikia mfuko, na kwenye kisanduku cha mbele mliwekwa kila kitu ambacho baba hakutaka kiguswe: risiti, plagi ya akiba, waya wa klachi, na peremende za kuwanyamazisha wadogo.

Mji Mkongwe ulikuwa na hoja yake pia. Vichochoro vyake havikujengwa kwa ajili ya gari. Mahali pengine punda mwenye mzigo na mtu mwenye mwavuli hawapishani bila kusalimiana. Vespa ilipita. Ilikuwa fupi, ilikata kona, na honi yake nyembamba ilitosha kumwarifu mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Usiku iliingizwa ukumbini kwa kupandishwa kizingiti, ikalala ndani na watu. Waliokaa kwenye majumba ya Michenzani waliiegesha chini na kuifunga mnyororo, kisha wakachungulia dirishani kabla ya kulala.

Kila moja na tabia yake

Haya yote yanaeleza kwa nini ilinunuliwa. Kupendwa kwake kulitoka kwingine: kwenye ukaidi wake.

Ami yangu, ndugu wa baba, alikuwa na PX ya buluu iliyopauka, na hakuna aliyeweza kuiendesha ila yeye. Siri haikuwa ufunguo. Kwenye mpini wa kushoto wa Vespa pana namba za gia, na pana alama ya kuonyesha uko kwenye ipi. Unakamata klachi, unauzungusha mpini wote, namba inaifikia alama. Lakini gia hizo huvutwa kwa nyaya mbili zinazoshuka mpaka kwenye enjini, na nyaya zikinyooka kwa umri, namba na gia huachana. Kwenye chombo cha ami, mpini ukisema mbili, enjini ilikuwa kwenye tatu, na pale pasipo na gia palikuwa mahali pasipoandikwa chochote, upana wa unywele baada ya moja. Mkono wake ulipajua. Aliyeiazima iliruka mbele na kuzima, ikaruka tena na kuzima, mpaka akairudisha kwa kuisukuma. Fundi alitaka kuzikaza nyaya akakatazwa.

"Kijana wangu, ukizikaza, kila mtu ataiweza."

"Basi ami, siku ikikutupa?"

"Hainitupi. Tunajuana."

Neno hilo, tunajuana, utalisikia kwa wengi waliokuwa na Vespa, na si maneno ya mapambo. Kulikuwa na mambo ya kujua kila siku. Chini ya siti, kwa mbele, pana kishikizo cha mafuta chenye sehemu tatu: kufunga, kufungua na akiba. Usiku mwenye akili alifunga. Aliyesahau aliikuta asubuhi enjini imelewa petroli, plagi imelowa, na kiki haifui dafu. Hapo ndipo ulipomjua mwenye chombo na mwenye kuazima. Mwenye chombo hakupiga kiki kwa hasira. Alikibandua kifuniko cha ubavu wa kulia, akaifungua plagi kwa spana yake, akaifuta kwa kitambaa, akaipitisha msasa kidogo kwenye ncha. Kisha akafunga mafuta, akapiga kiki mara kadhaa tundu likiwa wazi ili petroli iliyozidi itoke, akarudisha plagi, akawasha. Kanzu ilibaki safi; vidole tu ndivyo vilivyonuka petroli mpaka wakati wa chai.

Njiani nako, enjini ilipoanza kukohoa, mwenyewe hakusimama. Alipeleka mkono chini ya siti huku macho yapo barabarani, akageuza kishikizo mpaka kwenye akiba, akangoja, na baada ya sekunde chache chombo kikavuta tena. Aliyekaa nyuma hakujua kama palikuwa na jambo. Alichokiona ni baba ameinama kidogo.

Kulikuwa na hesabu ya oili. Enjini ya Vespa ile ni ya mizunguko miwili, haina bakuli la oili la kulainisha pistoni kama la gari. Oili inaingia pamoja na petroli na kuungua pamoja nayo. Kwa zile zisizokuwa na tangi la oili la pembeni, mwenyewe alichanganya kwa mkono, asilimia mbili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Ikipungua, pistoni inakwama na safari inaishia hapo. Ikizidi, moshi unawafuata watu mpaka nyumbani na plagi inajaa masizi. Watu walikuwa na vichupa vyao vya kupimia, wala hawakuviamini vya mtu mwingine.

Na sauti. Vespa mbili zilizotoka kiwanda kimoja, baada ya miaka michache ya ekzosi kuliwa na kutu na kabureta kuchezewa na mafundi tofauti, zilikuwa na sauti mbili. Watoto waliocheza mpira barabarani wakati wa kudurusu walijua chombo cha baba kingali kona ya pili. Mpaka kinafika mlangoni, vitabu vimefunguliwa, jasho halijakauka.

Kizuri hakikosi ila

Tusidanganyane, lakini. Wanaoisifu barazani hawasimulii siku za masika. Gurudumu dogo la inchi 10 halina msamaha kwa shimo lililojaa maji, na kwenye mchanga uliomwagika juu ya lami huteleza bila kuuliza. Enjini yote ipo upande wa kulia, kwa hiyo chombo kina uzito usio sawa, na mwanagenzi huhisi kinavutwa pembeni. Breki zake za ngoma zilihitaji mtu anayeona mbali, maana kuikanyaga ghafla breki ya nyuma kulikuwa ni kuomba kuteleza.

Adui mkubwa wa hapa, hata hivyo, alikuwa ni hewa yenyewe. Bodi ya Vespa ndiyo fremu yake. Bati likioza, hakuna kingine cha kuibeba. Upepo wa bahari una chumvi, na kutu huanzia mahali pasipoonekana: chini ya mpira wa sakafu, pale maji ya kuoshea na maji ya samaki yanapojikusanya, na ndani ya mikunjo ya bati. Rangi juu inang'ara, chini panaliwa. Wengi waligundua siku waliyokanyaga breki na kuhisi sakafu inabonyea. Hapo ndipo mchomeleaji alipopata kazi, akakata bati bovu na kutia kiraka, na kiraka kikatiwa kiraka. Zipo Vespa mjini ambazo ukizichunguza kwa chini utaona historia yote ya mabati yaliyowahi kupatikana mtaani.

Moshi wake nao ulikuwa na hasara. Enjini ya mizunguko miwili hupitisha sehemu ya petroli nje kabla haijaungua, ndiyo maana inanuka vile, na ndiyo maana sheria za hewa safi za Ulaya ziliibana PX mpaka Piaggio ikaiacha. Harufu ile ambayo mtu mzima leo akiipata anasimama na kutabasamu, ni harufu ya mafuta yaliyopotea bure.

Wala haikuwa rafiki wa kila mfuko. Pikipiki ya leo ya sentimita za ujazo 100 au 125 inakula mafuta kidogo, haitaki oili ya kuchanganya, na kijana wa bodaboda anayetafuta riziki kuanzia alfajiri hawezi kukaa kando ya njia akisugua plagi. Yeye anahitaji chombo kisichomhitaji. Ukimwambia habari za kujuana na enjini atakuuliza, kwa haki kabisa, kama kujuana kunalipa marejesho ya mkopo.

Kinachokosekana si Vespa tu

Ndiyo maana nadhani wazee wale wanaposema "vyombo vya siku hizi si vyombo", hawasemi sana juu ya vyombo. Skuta mpya inawaka kwa kidole, inakwenda bila gia, na ikiharibika inapelekwa kwa mtu mwingine. Hakuna ubaya. Lakini haikuachii cha kusimulia. Mtu hawezi kukumbuka kwa mapenzi kitu ambacho hakikuwahi kumsumbua, wala kumpa nafasi ya kuonyesha kwamba anajua. Mwenye Vespa alikuwa karani wa ofisi asubuhi na fundi mdogo jioni, mbele ya wanawe, mikono imeingia oili, na watoto wakipokezana kumshikia spana. Wengi wetu majina ya spana tulijifunzia pale: nambari kumi, nambari kumi na tatu, lete hiyo ndefu.

Majina yenyewe yanarudi kwa sura nyingine. Piaggio imetoa Vespa ya umeme, na Bajaj wameirudisha Chetak sokoni mwaka 2020, nayo ya umeme, bila gia, bila plagi, bila moshi. Ni vyombo vizuri, na kwa mji mdogo wenye vichochoro kama wetu huenda vikafaa kuliko vyote vilivyotangulia: kimya, vyepesi, sakafu ile ile ya kuwekea kapu. Kanzu itasalimika tena. Atakayezaliwa leo atakuwa na chake cha kukikumbuka, ingawa sidhani kama atakisimulia kwa kuanza na waya wa gia.

Kwa wale ambao zao bado zimesimama uani, zimefunikwa turubai, kuku wanataga kwenye siti, hesabu ni nyepesi. Spea zinapatikana. Bati linachomelewa. Kinachokwisha upesi ni mafundi, maana waliojua kuipangilia Vespa kwa kusikiliza tu wengi wamezeeka, na vijana gereji wanafundishwa pikipiki za leo, kwa sababu ndizo zinazoingia kila siku. Ukimwita fundi mzee, usimwache afanye peke yake. Mweke mjukuu wako karibu yake, amshikie spana, aulize maswali ya kitoto, achafuke. Anza na plagi, maana ndiyo rahisi, kisha kabureta, kisha nyaya za gia. Na mkifika kwenye nyaya, zikazeni sawasawa, namba isome gia yake. Ami yangu alikosea kwa hilo: chombo kinachojulikana na mtu mmoja hufa siku mtu huyo anapokufa, na chake kiliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu kwa sababu hapakuwa na aliyeweza kukitoa mlangoni.